Kutumika kwa Pamoja bila Kupoteza Uaminifu: Mwongozo kwa Viongozi wa Makanisa ya Goma

Goma, kanisa halina kazi moja. Paruwasi ileile inayoimba Jumapili asubuhi ndiyo inayoendesha shule ya msingi, inayolaza wakimbizi wa vita ukumbini, inayozika wasio na ndugu na kumtafutia dawa mama aliyejifungua juzi. Mzigo huo hauwezi kubebwa na paruwasi moja. Ndiyo maana tunatafuta washirika: kanisa jirani la Ndosho au Katindo, ndugu wa Bukavu kule mwisho wa ziwa Kivu, waumini wa Ulaya waliowahi kututembelea, hospitali, kikundi cha wamama. Ushirika huanza kwa nyimbo na machozi ya furaha. Ukivunjika, mara nyingi hauvunjwi na tofauti za mafundisho. Huvunjwa na hesabu ambayo haikusemwa, na mtu mmoja aliyeshika kila kitu.

Mwongozo huu ni kwa mchungaji, mzee wa kanisa, shemasi, mama kiongozi au kijana wa kwaya aliyepewa jukumu la kuanzisha kazi pamoja na wengine. Jambo moja linapita ndani ya hatua zote: uaminifu wa kiongozi huanzia moyoni, lakini ukibaki moyoni tu, ndugu zake hawana njia ya kuuona. Upewe meza, daftari na mashahidi.

Hatua ya 1: Someni Ezra 8 kabla ya kumwandikia mshirika yeyote

Iteni kamati ya kanisa jioni moja, msome Ezra 8 kuanzia mstari wa 21 hadi wa 34. Msiharakishe. Ezra anatoka Babeli kwenda Yerusalemu na kundi la watu, watoto wao na mali. Anaona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi, kwa sababu amekwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Basi anatangaza mfungo kando ya mto Ahava. Mahubiri mengi juu ya sura hii huishia hapo.

Endeleeni kusoma. Mtu huyo huyo aliyefunga na kuomba anawatenga wakuu 12 wa makuhani na kuwapimia mali kwa mizani: talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha vya talanta 100, dhahabu talanta 100, na mabakuli 20 ya dhahabu. Anawaagiza walinde mali hiyo mpaka watakapoipima tena mbele ya wakuu, Yerusalemu. Walisafiri tangu mwezi wa kwanza mpaka mwezi wa tano, katika njia yenye wanyang'anyi. Walipofika walipumzika siku tatu. Siku ya nne kila kitu kikapimwa tena katika nyumba ya Mungu, kikapokelewa na makuhani wawili na Walawi wawili, na uzito wote ukaandikwa wakati uleule.

Sisi tunaosafiri njia za Sake na Rutshuru tunajua maana ya njia ile. Sasa kamati ijibu maswali mawili. Kwa nini Ezra hakusema, "Hawa ni makuhani, inatosha"? Na mizani ile ilimlinda nani? Wapeni watu muda. Kwa kawaida mama mmoja mwishowe husema lile ambalo wengi walikuwa wanalizunguka: mizani iliwalinda makuhani wenyewe. Kama mtu wa Yerusalemu angenong'ona kwamba dhahabu imepungua njiani, makuhani wale walikuwa na maandishi ya kuonyesha.

Swali la pili ni la lazima, kwa kuwa katika makanisa yetu bado kuna watu wanaoogopa kumwuliza kiongozi hesabu. Wanaambiwa kwamba wanamgusa masihi wa Bwana. Lakini Samweli, aliyetiwa wakfu tangu utotoni, alisimama mbele ya Israeli yote katika 1 Samweli 12 akawauliza wazi: nimechukua ng'ombe wa nani, nimechukua punda wa nani, nimempunja nani? Yeye ndiye aliyedai kuchunguzwa. Kiongozi akikataa kuulizwa, kazi ya ushirika isianze hapo. Hili nalisema bila kusitasita, hata kama mfadhili ameshatuma pesa ya kwanza.

Hatua ya 2: Chagueni watu, na waliolalamika wawemo

Matendo 6 inajulikana: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, wakachaguliwa watu saba wenye kushuhudiwa wema, wenye kujawa na Roho na hekima. Angalieni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Kanisa liliwakabidhi meza watu wa upande uliokuwa ukilia.

Goma ina watu wa makabila mengi, na miaka ya vita imetia sumu katika maneno ambayo zamani yalikuwa ya kawaida. Mkigawa unga na maharagwe kwa waliokimbia, na kamati yote inatoka upande mmoja, hata mkigawa sawasawa kabisa hamtaaminiwa. Wawekeni mezani watu ambao jamaa zao ndio wenye mashaka. Itachelewesha mikutano, na itaokoa kazi.

Watu watano wanatosha: mwenyekiti, mwandishi, mtunza hazina na wajumbe wawili. Mtunza hazina asiwe mke wa mchungaji wala mdogo wake, hata kama ndiye mwenye elimu kubwa kuliko wote. Mjumbe mmoja awe mama anayefanya biashara, yule anayeuza makala (mkaa) au anayepokea ndizi kutoka mitumbwini kwenye soko la Kituku, kando ya ziwa. Yeye anajua bei ya leo, na fakture (ankara) yenye bei ya uongo hawezi kupitishiwa mbele ya macho.

Hatua ya 3: Andikeni karatasi moja

Ushirika usioandikwa hukumbukwa tofauti na kila upande. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha, na tafsiri ya Kifaransa kama mshirika anaihitaji. Uwe na mambo haya: kazi gani tunafanya na kwa ajili ya nani, kila upande unaleta nini, nani wanatia sahihi, ripoti inatolewa lini, tukishindwana tunaenda kwa nani, na kazi inaisha tarehe gani. Hilo la mwisho husahauliwa kuliko yote, halafu mshirika anapoacha kutuma pesa watu husema ametutupa, kumbe aliahidi mwaka mmoja tu.

Kaeni zaidi kwenye neno "unaleta nini". Paulo anawaandikia Wafilipi, sura ya 4 mstari wa 15, kwamba wao peke yao walishirikiana naye katika kutoa na kupokea. Kulikuwa na njia mbili. Na katika 2 Wakorintho 8 anayasifu makanisa ya Makedonia yaliyotoa katika umaskini wao mkubwa, yakimsihi yapewe nafasi ya kutoa. Kwa hiyo paruwasi ya Goma isiandike upande wake "kupokea msaada". Iandike: tunatoa kiwanja, tunatoa mawe ya volkano na vijana wa kuyabeba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, tunatoa mafundi wawili wa kujitolea kila Jumamosi, tunatoa maombi ya kila Jumatano kwa ajili ya washirika wetu na watoto wao, kwa majina. Paruwasi iliyoandika hivyo huongea na mshirika wake ikiwa imesimama.

Jambo hili si ndoto. CBCA, jumuiya ya makanisa ya Kibaptisti ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Goma, ni mwanachama wa ushirika wa makanisa wenye ofisi yake kuu Wuppertal, Ujerumani, Vereinte Evangelische Mission. Zamani lilikuwa shirika la kimisheni la Wajerumani. Tangu 1996 makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yanakaa ndani yake kama wanachama na kuamua pamoja. Ikiwa makanisa mazima yameweza kubadilisha kiti cha mpokeaji kuwa kiti cha mshirika, paruwasi mbili haziwezi kushindwa.

Neno fupi juu ya sheria. Nchini Kongo vyama visivyo vya faida, makanisa yakiwemo, vinaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Paruwasi nyingi za Kiprotestanti haziko peke yake kisheria. Ziko chini ya jumuiya yenye namba yake ndani ya ECC, muungano wa makanisa ya Kiprotestanti ya Kongo. Basi msitie sahihi na mshirika wa nje bila uongozi wa jumuiya kujua kwa barua. Kisha karatasi isomwe mbele ya waumini Jumapili, na nakala ibandikwe mlangoni.

Hatua ya 4: Fedha

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watumishi wengi wema wamepotelea.

Kuhesabu sadaka. Ibada ikiisha, sanduku lisiingie ofisini kwa mchungaji. Meza iwekwe mbele ya kanisa, mahali ambapo yeyote aliyebaki anaweza kuona. Wahesabu wawe watatu, wasiotoka nyumba moja, na zamu ibadilike kila mwezi. Waanze na franka: zile noti za 500 zilizolegea, zilizokunjwa mara nne ndani ya kitenge, zinyooshwe kwa kiganja na kupangwa kumi kumi, kila fungu 5,000. Halafu za 1,000, za 5,000, mpaka za juu. Kisha dola, na hapo ni kazi ya macho. Kila noti ishikwe kwenye mwanga na kuangaliwa kingo zote nne, maana iliyochanika hata kidogo itakataliwa na wabadilishaji wa fedha wa mtaa wa Birere au itachukuliwa kwa bei ya chini. Ikipatikana, iandikwe kwenye mstari wake: "dola 10, imechanika upande wa kushoto." Msipoandika, siku itakapobadilishwa kwa dola 8 mtunza hazina ataonekana ameiba 2, na hatakuwa na la kujitetea. Mwishoni wote watatu watie sahihi, na jumla itangazwe Jumapili inayofuata kabla ya sadaka mpya.

Mfalme Yoashi alifanya hivi hivi. Katika 2 Wafalme 12, kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha, na fedha zilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili kuzihesabu. Mmoja kutoka jumba la mfalme, mmoja kutoka hekaluni. Hakuna aliyehesabu peke yake.

Fedha za simu. Benki zilipofunga milango Goma mwanzoni mwa 2025, makanisa mengi yalibaki na Airtel Money, M-Pesa na Orange Money. Tatizo lake ni kwamba namba imesajiliwa kwa jina la mtu. Fanyeni hivi: mtunza hazina akae na simu, mwandishi ndiye ajue namba ya siri, ili pasiwe na anayeweza kutoa peke yake. Aliyesajiliwa aandike na kutia sahihi mbele ya kamati kwamba fedha iliyomo ni ya kanisa, na kwamba hatabadilisha namba ya siri bila kamati. Kila ujumbe wa fedha ukiingia, unakiliwa kwenye daftari siku ileile: tarehe, kiasi, namba ya muamala, makato ya kutoa. Makato yaandikwe hata kama ni madogo, kwa sababu mwisho wa mwaka yamekuwa makubwa na mshirika atauliza yalikwenda wapi. Kadhalika bei ya kubadilisha dola: andika ya siku ile, na jina la aliyebadilisha.

Matumizi. Kabla ya kununua chochote, kamati ipange na kuandika. Mfano, dola 300 za kuezeka darasa: mabati 180, mbao na misumari 60, mafundi 45, usafiri 15. Bati likipanda bei, kamati inakutana tena. Mtu mmoja asiamue dukani. Na pale muuzaji asipokuwa na risiti, kama wamama wengi wa sokoni, mwandike karatasi wenyewe: jina lake, bidhaa, bei, namba ya simu, sahihi au dole gumba. Mshirika mwenye akili ataikubali karatasi hiyo kuliko risiti safi iliyonunuliwa tupu.

Kukopa "kidogo". Msiba umetokea, ndugu wanalia uani, na ndani ya sanduku kuna dola 100 za mabati. Anakuja mzee mwenye heshima: "Baba mchungaji, tutarudisha mwisho wa mwezi." Karibu kila mara haikurudishwa kwa wakati, na karibu kila mara aliyekopesha alifanya kwa upendo. Dawa yake ni kuwa na sanduku la pili la msiba na ugonjwa, linalochangiwa na kanisa lenyewe, hata franka chache chache. Kisha jibu la kiongozi ni moja kwa wote: fedha ya kazi hii si yangu wala si yako, twende kwenye sanduku la upendo. Msipokuwa na sanduku hilo, kiongozi atalazimika kuchagua kati ya huruma na uaminifu, na hilo si haki kumfanyia mtu.

Posho ya mchungaji. Semeni wazi. 1 Wakorintho 9:14 inaruhusu wahubirio Injili kupata riziki kwa Injili. Mchungaji ambaye watoto wake wamefukuzwa shule kwa kukosa ada, na mikononi mwake zinapita dola za wafadhili, amewekwa katika jaribu ambalo kanisa limelitengeneza. Paruwasi ipange posho yake, hata ndogo, kabla ya kutafuta mradi. Kama sehemu inatoka kwa mshirika, iandikwe kwa jina lake halisi kwenye ile karatasi moja. Isifichwe chini ya "usafiri".

Hatua ya 5: Nakala itoke nje ya mji

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ililipuka tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, watu wakakimbilia Sake na wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu na begi moja. Januari 2025 ikawa vita. Daftari halikimbii. Kila mwisho wa wiki mwandishi apige picha kurasa mpya na kuzituma kwa mtu mmoja wa kuaminika Bukavu au Lubumbashi, na kwa mshirika pia. Orodha za majina ya wanaosaidiwa msizitume ovyo. Katika mji wenye vita, orodha ya majina inaweza kumdhuru mtu.

Hatua ya 6: Ongeeni, hasa habari zikiwa mbaya

Ripoti ya miezi mitatu ni nzuri, lakini habari mbaya isisubiri ripoti. Mabati yakiibwa Jumanne, mshirika ajue wiki hiyo hiyo kutoka kwenu. Akilisikia kwa mtu mwingine, hataamini tena hata habari njema.

Na picha. Msimpange mjane kwenye foleni na gunia miguuni ili apigwe picha akiwa ameinamisha kichwa. Mwombeni ruhusa kwanza, mpeni nafasi ya kukataa na bado apokee. Mshirika akidai picha za kutia huruma, mwandikieni kwa upole kwamba hawa ni dada zetu wa meza ya Bwana, na mtumeni picha ya darasa lililoezekwa.

Hatua ya 7: Mkikosana

Mtakosana. Paulo na Barnaba walikosana juu ya Marko mpaka wakatengana, Matendo 15. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro, Paulo akaondoka na Sila. Na Luka hakuficha. Miaka baadaye, katika 2 Timotheo 4:11, Paulo anaomba aletewe Marko kwa kuwa anafaa kwa utumishi.

Fuateni Mathayo 18:15-17 kwa utaratibu wake: kwanza wawili peke yao, uso kwa uso, nyumbani kwa mmoja wao. Ikishindikana, achukuliwe mzee mmoja au wawili, na afadhali mmoja atoke kanisa lingine. Kisha ndipo kanisa. Marufuku kurekodi sauti na kuipeleka kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Ikishafika huko, hakuna mzee atakayeirudisha. Wakati mazungumzo yanaendelea, fedha ya kazi isimame pale ilipo, na pande zote mbili zitie sahihi kiasi kilichobaki. Mkiishia kutengana, gawaneni kazi kama Paulo na Barnaba, na msikatazane kuombeana ibadani.

Hatua ya 8: Kukabidhi

Katika Hesabu 27 Musa alimweka Yoshua mbele ya kuhani Eleazari na mkutano wote, akaweka mikono juu yake. Alifanya hivyo akiwa hai na mwenye nguvu ya kusimama. Kiongozi wa ushirika naye aanze kumwandaa wa kumfuata mapema: amkalishe kwenye meza ya kuhesabu, ampe ripoti moja aandike, ampeleke kwenye mazungumzo na mshirika ili asiwe mgeni.

Siku ya makabidhiano chagueni Jumapili, baada ya ibada, mbele ya watu. Juu ya meza viwekwe: madaftari yote tangu mwanzo, funguo, muhuri, ile karatasi ya ushirika, simu yenye kadi yake, fedha iliyomo ikiwa imehesabiwa upya, na orodha ya madeni. Madeni yasomwe kwa sauti kama mali inavyosomwa. Anayetoka na anayeingia watie sahihi, pamoja na mashahidi wawili kutoka kanisa jirani. Namba ya siri ibadilishwe hapo hapo mezani, na Jumatatu waende wote wawili kwa wakala kushughulikia usajili wa kadi. Mshirika aandikiwe barua yenye sahihi zao wote wawili jioni hiyo hiyo, ikimtaja kiongozi mpya, kiasi kilichokabidhiwa, na tarehe ya ripoti inayofuata.